Ukoka Chini ya Nyayo Zake

Jumanne, 14 Januari
Kiangazi kimekaza. Mchana bomba linatoa hewa tu. Maji yanakuja alfajiri, nayo kwa manung'uniko. Namwagilia ukoka kabla sijabandika chai. Siyo urembo! Mume wangu aliupanda kwa mikono yake tulipohamia hapa, kipande kwa kipande, na kila asubuhi hutembea juu yake pekupeku. Sasa kumbukumbu zimemtoka. Sebuleni ananiuliza kwa adabu, "Samahani mama, hapa ni kwa nani?" Lakini akikanyaga majani, mabega yanashuka, anatulia. Nyayo zake bado zinajua kwamba yuko kwake. Ni hizo tu zinazojua.

Jumapili, 2 Februari
Balaa. Ukoka umekauka pale mbele ya kibaraza, unachoma kama brashi ya kusugulia sakafu. Mzee kaweka mguu mmoja, akaurudisha. Akagoma. Mchana kutwa amezunguka nyumba na koti mkononi: "Nirudisheni kwangu, giza litanikuta njiani." Kwake ndiko aliko!

Mwanangu alikuja na mkewe. Anataka kutandika vitofali vya zege uwanja mzima. Eti baba hatateleza, nami nitapumzika. Mkwe wangu akachombeza, "Mama, ukoka wako unanyweshwa kuliko sisi wageni. Chai yetu iko wapi?" Nikacheka. Kicheko kikaishia kwenye kikohozi, nikajifanya nimepaliwa.

Tumekubaliana: mvua zikija na ukoka usifufuke, vitofali vinatandikwa.

Hawajui alichoniambia daktari. Moyo umepanuka. Dawa zilizobaki ni za kuchelewesha tu.

Jumatano, 12 Februari
Nimefanya ujinga. Naona haya hata kuandika. Nilitaka majani yapate nguvu upesi, nikarusha mbolea ya chumvichumvi yakiwa bado na umande. Nilikusudia kuisuuza papo hapo. Kuvuta mpira wa maji — pumzi ikakata. Nikaketi kwenye ngazi nijikusanye. Nikasinzia. Kuamka, jua liko utosini.

Na miaka yote ile nikiwafundisha wasichana baiolojia, namna chumvi inavyolifyonza jani maji mpaka linyauke! Wangeniona leo.

Jumamosi, 15 Februari
Michirizi ya manjano, kila mmoja umefuata mkono wangu ulivyopita. Mwanangu kasimama juu yake. "Mama, hiki nini?" Ni jua, nikasema. Akachungulia kwa jirani. Jua lile lile, majani hayana mchirizi hata mmoja.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua! Siku baada ya siku. Nimechomeka vipandikizi kwenye michirizi, nimekaa chini najisogeza kwa makalio kama mtoto wa kutambaa. Vimeshika. Leo mzee kashuka ngazi mwenyewe, akaenda hadi ukutani na kurudi, akanisalimia: "Umeamkaje, jirani?" Jirani! Nimepanda cheo.

Sasa niandike hili linalonikaba. Kufa siogopi. Naogopa kutangulia. Kila nikisali naomba achukuliwe yeye kwanza. Mume wangu! Naomba afe, kwa sauti ya upole, kisha nainuka kwenda kumkata kucha. Anacheka nikimtekenya kidole kidogo. Anacheka, nami nimetoka kuomba lile.

Nikitangulia, nani atajua kwamba anapolilia kurudi kwake hahitaji gari wala maelezo? Anashikwa mkono tu, anashushwa majanini. Watamfungia mlango. Watamwambia, "Hapa ndipo kwako, baba, mbona huelewi?" Naye ataendelea kushika koti.

Jumamosi, 26 Aprili
Miguu imevimba, viatu haviingii. Mwanangu kaja peke yake na futi ya kupimia. "Umefufuka, sikatai," akasema. "Lakini nani ataushughulikia, mama? Wewe ukitoka jikoni tu unahema."

Nikamwambia. Moyo, daktari, kosa la mbolea nililolisingizia jua. Nikamwambia habari za nyayo za baba yake. Sala sikuitaja. Ile sitaitaja.

Mwanangu akaiweka futi chini. Akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali, akashuka majanini kwa baba yake.

"Fundi, mbona umechelewa?" mzee akamuuliza.

"Nisamehe, mzee."

"Haya, kata hayo majani. Yamezidi."

Naye akaenda stoo kuitoa mashine!

Naandika nikiwa hapa kibarazani, miguu juu ya kigoda. Ameshaiwasha. Mtoto huyu hajakata nyasi maisha yake yote. Kisu amekishusha hadi chini kabisa, ananyoa kipara, udongo unaonekana. Majani yakikatwa hivyo, jua likitoka linachoma mizizi — kila kitu kitakufa! Namwita. Sauti haivuki ngazi. Nimegonga kijiko kwenye kikombe. Hasikii, mashine inanguruma. Mstari wa kwanza umekwisha, anageuza. Mzee wangu anamfuata nyuma, pekupeku, anamnyooshea kidole pale na pale, na mwanangu anaitikia kwa kichwa kila mara.

Pandisha kisu, mwanangu. Kidogo tu. Nitazame huku, nikuonyeshe kwa mkono. Geuka —