Waliosema Msirushe

Ijumaa, 23 Januari 2026

Kibao cha marumaru cha uzinduzi wa tangi la maji kimefika ofisini leo, kimefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Jina la mgeni rasmi. Jina la kijiji, Chigungu. Tarehe: 30 Januari 2026. Wamechonga tarehe kabla tangi halijaonja maji! Mhandisi Geofrey, mkuu wangu, akakipangusa kwa kiganja. Akasema sasa hakuna kurudi nyuma, Zipora, jiwe limeshasema.

Jina langu halimo kwenye kibao. Fundi sanifu anaandikwa chini ya fomu tu: nathibitisha mnara wa tangi ni salama kujazwa. Kesho tunajaribu nusu tangi.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani sikwenda. Nimeshinda Chigungu.

Jana tulijaza lita elfu ishirini na tano. Asubuhi hii mguu wa mashariki umetitia, upana wa kidole changu cha shahada. Nimepima mara tatu. Mara ya nne nikampa kamba mlinzi, mzee Mudrick, apime mwenyewe. Kilekile. Mvua imelainisha ule udongo mweusi na zege la msingi bado changa, lina siku kumi na tano. Tumeyafungulia maji yote yakamwagika.

Mnara uko hatua ishirini kutoka darasa la tatu la shule. Watoto wanapenda kivuli chake.

Jumatatu, 26 Januari

Nimempelekea Geofrey vipimo. Kidole kimoja! Akacheka. Akauliza ni nyumba gani Dodoma hii haijatitia kidole. Mpango wake: Alhamisi mchana tujaze, Ijumaa mgeni afungue bomba apigwe picha, wiki ijayo tuimarishe msingi kimyakimya. Nikamwambia tangi likijaa ni mzigo mara mbili ya ule uliouzamisha mguu. Akasema nisiwe mkosi.

Si mtu mbaya, Geofrey. Msiba wa mama aliusimamia yeye, mpaka sufuria za kupikia alizitafuta yeye. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Sijasaini.

Jumatano, 28 Januari

Redio asubuhi imekumbusha: leo miaka arobaini tangu kile chombo cha anga cha Wamarekani, Challenger, kilipolipuka kikiwa kinapaa. Sekunde sabini na tatu tu. Watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule.

Saa ya chai hakukuwa na hadithi nyingine. Geofrey anasema aliona moja kwa moja kwenye TV, nyumbani kwa mwalimu mkuu wake, Mpwapwa. Yudith wa masjala naye aliona, Kibakwe, kwa bibi yake. Hata mimi nikachangia: sebule yetu ya Kongwa, nipo darasa la tatu, moshi mweupe unagawanyika kama pembe za ng'ombe. Kila mtu akasema maskini yule mwalimu. Kisha tukamaliza maandazi.

Jioni nikampigia baba. Mwalimu Sila, miaka themanini na minne, kichwa bado kinafanya kazi kuliko changu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

Nikamuuliza kama anaikumbuka ile TV. Akauliza, TV ipi? Huku bara hapakuwa na televisheni mpaka miaka ya tisini. Tulikuwa na redio ya betri nne, na tulikuwa tunazianika juani zipate nguvu. Alisikia habari asubuhi yake akanyoa ndevu nusu, akaacha. Paredi shuleni akatutangazia kwamba mwalimu mwenzake amekufa huko Marekani, tusimame kimya.

Kwa hiyo moshi nimeuona chuoni, miaka kumi baadaye, nikaupeleka mwenyewe sebuleni kwetu. Na Geofrey vivyo hivyo. Na Yudith. Nchi nzima tunakumbuka picha ambayo hatukuiona.

Baba hakuwa amemaliza. Akasema usiku wa kuamkia siku ile kuna mafundi walisema baridi imezidi, raba za viungio hazitahimili, msirushe. Walibishana na wakubwa wao, wakashindwa. Yeye aliyajua hayo baadaye, kwenye gazeti la kufungia sukari.

"Wale saba nimewafundisha watoto miaka ishirini," akasema. "Waliosema msirushe sijawahi kuwafundisha. Hilo ni kosa langu."

Nikamweleza habari za mguu wa mashariki.

"Umesema?"

"Nimesema, baba."

"Umemwambia nani?"

"Geofrey."

"Wale nao walisema, Zipora."

Nimeshindwa kula. Nimeandika barua kwa mkuu wa Geofrey, kurasa mbili, na vipimo vyote.

Alhamisi, 29 Januari

Barua imepokelewa, imegongwa mhuri. Mkubwa yuko safarini mpaka Jumatatu. Yudith aliniambia huku anakwepa macho yangu. Akaongeza kwamba fomu imeshasainiwa, kuna fundi mwingine ameitwa.

Nimekuja Chigungu na bodaboda. Saa sita hii. Gurudumu la koki ya bomba linalopandisha maji nimelichomoa, bila hilo tangi halijazwi; liko kwenye mkoba wangu, limefungwa kwenye khanga. Mzee Mudrick ameniona. Akageuza kiti chake akatazama barabarani.

Naogopa. Kazi miaka ishirini na mbili.

Kwaya ya shule inafanya mazoezi chini ya mnara. Mwalimu Gladness anasema ndipo walipopangiwa, karibu na kibao, wasiungue juani. Nimemwomba awahamishe. Wamehama, wameimba ubeti mmoja, wameanza kurudi mmoja mmoja.

Simu ya Geofrey. Sikupokea. Ya pili nikapokea. Hakufoka. Kasema ana gurudumu jingine kutoka stoo, yuko njiani, niende nyumbani nikapumzike, tutasahau yote haya.

Tutasahau! Hapo ndipo alipogusa. Mnara usipoanguka nani atakumbuka kwamba ungeanguka? Watamkumbuka Zipora aliyeharibu uzinduzi. Basi, na iwe hivyo.

Gari lake limekata kona ya shule. Fundi amekaa mbele, gurudumu amelipakata. Watoto wote wamerudi kivulini.

Nakwenda kusimama nao; akijaza, ajaze huku ananiona chini ya tangi.