Bibi, Mwiko Wako Haukuwa na Kosa

Kwako Bibi wangu,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Sixten, mbwa wa Mama Gunilla wa ghorofa ya chini, hakuugua kwa sababu yako. Aliugua kwa sababu yangu.

Ulipofika hapa Alby, Uswidi, kutoka Kigoma, uliniuliza mbwa anafanya nini ndani ya lifti. Nikakujibu kwamba anakwenda nyumbani kwake. Ulicheka hadi ukashika ukuta. Haukupita mwezi, wewe mwenyewe ukawa unamsubiri mlangoni kila nikitoka shule, kwa kuwa nyonga ya Mama Gunilla ilikuwa mbovu na mimi ndiye niliyemtembeza mbwa wake. Ulimsemesha Kiswahili naye akakusikiliza kwa makini. "Mke mwenzangu," uliniambia, "huyu ana adabu kukushinda. Wewe ukiitwa unajibu Kiswidi."

Siku moja Mama Gunilla alikuletea kålrot, ule mzizi mkubwa wa mviringo wenye nyama ya manjano. Hamkuwa na lugha moja, lakini kwenye mboga mlielewana. Uliupika kwa nyanya, chumvi na vitunguu viwili, ukaniuliza kama Sixten naye anaweza kula. Nikafungua simu, nikasoma mstari wa kwanza tu, nikatangaza kwamba mbwa anaruhusiwa. Wewe uliyekulia penye mihogo michungu hukuridhika. Ulisema kila mzizi una namna yake ya kuliwa. Ukavichemsha vipande vyake peke yake kwa maji matupu, ukaviweka kwenye bakuli la bati vipoe, ukaenda kuswali.

Nililitazama lile bakuli nikaona aibu. Nyumbani kwetu mgeni hapewi chakula kikavu. Hata fundi aliyekuja kuziba bomba ulimpa mchuzi. Nikachota mchuzi kwenye sufuria yetu, pamoja na vitunguu vyake, nikamwagia. Sixten alilamba bakuli likateleza hadi mlangoni.

Siku tatu baadaye hakutaka kuinuka. Fizi zake zilipauka, mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Daktari wa mifugo akamlaza. Mama Gunilla alipanda kwa lifti hadi kwetu, akaniomba nikuulize kama chakula kile kilikuwa na kitunguu.

Ulifikiri sana. "Kitunguu kilikuwa kwenye sufuria yetu," ulisema. "Labda niligeuzia mwiko huohuo. Mwambie ni mwiko wangu. Mwambie nimekosa, anisamehe."

Nilitafsiri vizuri, Bibi. Kila neno. Nilikuombea msamaha kwa kosa langu, kwa Kiswidi safi, kisha nikaingia chumbani na kitabu ambacho sikukisoma.

Sixten alipona baada ya wiki kadhaa. Mama Gunilla alikusamehe palepale mlangoni, lakini wewe hukujisamehe. Ulifunga uzi mwekundu kwenye mwiko ule, ukautundika mbali na mingine, na hukumpa mbwa yule chakula tena. Alipokuja mlangoni ulimsalimia tu. Wiki ya mwisho ya uhai wako nilikaa kando ya kitanda chako nikijiambia nitasema kesho. Uzi bado upo.

Sasa nimesoma hadi mwisho wa ukurasa, na kurasa nyingine nyingi. Mzizi haukuwa na kosa. Kålrot ni salama kwa mbwa mwenye afya akipewa kidogo tu, juu ya chakula chake cha kawaida. Humenywa, hukatwa vipande vidogo kwa sababu mbwa humeza bila kutafuna, huchemshwa ulainike. Chumvi hapana, siagi hapana. Kitunguu na kitunguu saumu hapana kabisa, hata vikipikwa, hata mchuzi wake, kwa maana huharibu damu ya mbwa. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingoni aulizwe daktari kwanza. Naiandika barua hii wazi kwa ajili ya wote wanaopika kama wewe na kuona haya kutoa chakula bila mchuzi. Mbwa haoni haya. Mpeni kikavu.

Kesho Mama Gunilla anakwenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na ameniomba nikae na Sixten wiki mbili. Ananiamini, lakini hajui ukweli. Inawezekana akishaujua atampeleka mbwa kwa mtu mwingine. Unanijua, mimi hufanya mazoezi ya maneno kichwani hata kabla ya kununua mkate. Leo sifanyi mazoezi. Naacha kalamu hapa, nateremka.

Nimerudi.

Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama na bakuli lako la bati mkononi. Mama Gunilla aliketi. Kisha akasema kwamba ulimwomba radhi kila mlipokutana kwenye lifti, kwa lile neno moja la Kiswidi ulilojifunza kwa ajili hiyo.

"Ulipaswa kumwambia yeye," alisema.

"Nimeanza kumwandikia leo."

Akauliza bakulini mna nini. Nikasema kålrot na maji. Alinusa, akaonja kipande kimoja mwenyewe, akaliweka bakuli sakafuni mbele ya Sixten. Halafu akanipa ufunguo.

Nilimtembeza Sixten hadi ziwani, nikamrudisha. Nikapanda juu, nikauosha mwiko wenye uzi mwekundu, nikautundika pamoja na miiko mingine. Kisha nikamwita Mama jikoni, nikamwambia na yeye.

Pumzika sasa, Bibi.

Mimi,
mke mwenzako