Nzi Kumi na Mmoja

Ijumaa, Julai. Igawa.

Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi la barabara kuu limeingia mpaka kwenye sufuria. Wenzetu wa Mbeya mjini wiki hii wanavaa makoti mawili mawili. Sisi huku bondeni tuna baridi ya alfajiri tu, halafu vumbi. Nilirudi jana kutoka Iringa. Nimepika wali na sikuula. Nina hasira, na leo sitajifanya sina.

Nilikwenda Iringa kwenye semina ya walimu wa hisabati wanaofundisha kwa kutumia teknolojia. Watoto walijua naenda kutafuta nini, maana niliwaambia mwenyewe, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Darasa langu la Kidato cha Pili lina watoto themanini, na kifaa tulicho nacho ni kishikwambi changu kimoja chenye ufa kwenye kioo. Masomo niliyorekodi wanayatazama kumi kumi. Kundi moja linazunguka meza yangu, wengine wanafanya maswali ubaoni, halafu wanapokezana. Kundi la nane kengele huwakuta hawajafika nusu. Nimejaribu kubadilisha zamu, lakini ukibadilisha zamu bado kuna wa mwisho.

Watu wa mradi unaoendesha semina hiyo walisema shule itakayoleta masomo bora itapewa projekta. Ukutani, wote themanini kwa mpigo. Nikawaambia watoto nitarudi nayo.

Masomo yenyewe ni video fupi kumi na moja. Unaona kibao cheusi, chaki za rangi na mkono wangu ukiandika, basi. Lakini ndani ya kila somo nimeficha kosa moja la makusudi, kwa sababu niligundua watoto wangu wananakili kila kitu ninachoandika, hata nikikosea. Wengi ni watoto wa wafugaji waliohamia huku Usangu kutoka Usukumani. Siku ya kwanza nilipowatega, binti mmoja anaitwa Kabula alisema kosa ni kama nzi kwenye maziwa, hunywi mpaka utazame kwanza. Tangu siku hiyo tunaliita nzi. Mwisho wa kila video nauliza, "Mmemwona nzi?" na darasa zima linapiga kelele. Kabula hapendi hisabati hata kidogo. Anachopenda ni kunikamata.

Sasa niandike habari za Atupele. Nimezunguka vya kutosha.

Tulikaa miaka mitatu kwenye nyumba moja ya walimu, mimi chumba cha mbele, yeye cha nyuma, jiko moja. Akitoka kwao Tukuyu alikuwa analeta ndizi tunakula wiki nzima. Mimi ni Mhehe, yeye ni Mnyakyusa, na kila asubuhi alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, da Wini," kwa lafudhi ya kwao, makusudi, ili nicheke. Nilipoanza kujaribu kurekodi, yeye ndiye aliyenishikia simu. Mkono wake hautetemeki. Alikuwa anabana pumzi mpaka nimalize mstari. Zile za majaribio tulizifuta zote kwa sababu zilikuwa mbovu. Hizi kumi na moja nilizirekodi baada ya yeye kuhamishiwa shule moja ya Mbeya mjini na kupanga chumba Iyunga. Simu nikawa naifunga kwa kamba kwenye stuli, juu ya meza.

Mwezi wa tatu alinipigia akaniomba nimtumie masomo yote, awafundishie watoto wake. Nikamtumia siku hiyo hiyo. Habari za nzi sikumwambia, kwa kuwa mwisho wa kila somo nauliza mwenyewe. Atazisikia akitazama, nikajua hivyo.

Jumanne, ukumbini Iringa, jina lake lilikuwa la tatu kwenye ratiba na langu la tisa. Nilifurahi kumwona. Nilimwekea kiti karibu yangu. Taa zikazimwa, na ukutani ukatokea mkono wangu.

Mkono wangu wa kushoto, mkubwa kama mlango.

Naandika kwa kushoto, na kidole cha shahada kina kovu la mundu wa mpunga. Kovu lote lilikuwa pale ukutani. Sauti ndiyo ilikuwa ya Atupele, kaifuta yangu kaweka yake, tulivu, nzuri kuliko yangu. Mwanzo, pale ninaposema "Mimi ni Madam Winfrida," pamekatwa. Mwisho, pale ninapouliza, pamekatwa pia. Na yeye mwenyewe amesimama mbele kashika kalamu kwa mkono wa kulia. Watu sitini ukumbini, walimu wa hisabati, na hakuna hata mmoja aliyetazama mikono.

Lilikuwa somo la sita, kufungua mabano. 3 − 2(x − 4) = 5. Mstari wa pili unasema 3 − 2x − 8 = 5, na huyo ndiye nzi. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo nane ilitakiwa kujumlishwa. Atupele alisoma ule mstari bila kusita, akafika kwenye jibu, x ni hasi tano, watu wakapiga makofi. Jibu ni tatu.

Nilimwona nzi, nikafurahi.

Ndiyo. Nilikaa gizani nikafurahi kwamba kaumbuka bila kujijua, na nikanyamaza.

Wakati wa chai nilimfuata. Hakukimbia, hilo nimpe. Alinimiminia chai akaniambia, "Si tulifanya wote, da Wini? Mimi si ndo nilikuwa nashika simu?" Nikamwambia hizi hakushika. Akatazama kikombe. "Ungesimama wewe wa Igawa, nani angekusikiliza? Mimi nimeyafikisha." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa ushauri. Ningependa angenitukana.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na masomo yale yale mkononi. Ningeyaonyesha ningeonekana mwizi. Nikasimama, nikasema sina cha kuonyesha, nikakaa. Projekta ikaenda mjini, kwenye shule yenye umeme usiokatika na projekta nyingine kabatini. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeusema msemo huo miaka yote bila kuuelewa.

Jumatano jioni, semina ilipofungwa, kila mwalimu alipewa flashi yenye masomo bora akayatumie shuleni kwake. Mimi pia. Nikapewa masomo yangu kama zawadi, nikasaini kwamba nimeyapokea.

Leo asubuhi niliazima kompyuta ya ofisini, nikaichomeka ile flashi mbele ya watoto. Sababu haikuwa nzuri. Nilitaka wakasirike kwa niaba yangu. Nilitaka watoto wa miaka kumi na tano wamchukie mtu niliyeshindwa kumchukia vizuri mimi mwenyewe. Nikaanza na kundi la nane, ambamo yumo Kabula.

Hawakukasirika. Walitazama, vichwa vimegusana, na kwenye mstari wa pili Kabula akaweka kidole kwenye kioo. "Nzi huyo." Wenzake wakaguna, wamechelewa. Halafu wote wakasubiri. Video ikaisha, kioo kikawa cheusi, na bado wanasubiri.

"Madam, mbona hajauliza?"

Nikasema huyu haulizi. Kabula akanitazama mkono, akatazama kioo, akanitazama tena. "Lakini huo mkono si wako?" Nikasema ni wangu. Nikajiandaa kwa kile nilichokuwa nakitafuta tangu Jumanne. Lakini yeye alikuwa ameshapita hapo.

"Sasa hao wengine wataambiwa na nani kama kuna nzi?"

Siku tatu nilikuwa nahesabu nilichoibiwa, jina, sauti, projekta. Sikuwahi kufikiria kwamba flashi zile zimekwenda shule sitini, Iringa mpaka Mbeya, na kuna mtoto mahali fulani ananakili mstari wa pili kwa mwandiko mzuri, ataukariri, atauandika kwenye mtihani. Mwalimu wake akiwa makini atamshtua. Akiwa amechoka kama sisi wengine, atawawekea video akasahihishe madaftari. Na mimi nilijua tangu Jumanne. Atupele hakujua, swali la nzi alilikata bila kulielewa. Mimi nilijua.

Tumerekodi video nyingine, wakati wa kipindi cha pili. Kabula alishika simu, ikatetemeka mwanzo mpaka mwisho. Nimetaja nzi mmoja mmoja, somo la ngapi, mstari wa ngapi na ulitakiwa kusomekaje. Mwisho nikauliza, "Mmemwona nzi?" na watoto themanini wakajibu mpaka mwalimu wa jirani akaja dirishani. Nikaituma kwenye kundi la walimu wa semina. Sikutaja mtu. Niliandika tu kwamba kila somo lina kosa la makusudi na swali la mwisho lilikatwa, hivyo wasiyatumie bila kulirudisha.

Sitasema nilifanya kwa ajili ya watoto peke yao. Nilijua sauti itasikika ni ya nani, na mkono pia unaonekana.

Mpaka jioni hii mwalimu mmoja wa Mafinga kanishukuru, kasema darasa lake lilikuwa limeanza kubishana na kitabu. Mwingine kauliza sauti hii ni ya nani. Sijamjibu. Atupele kaisoma saa nane na dakika kumi, naona alama. Hajaandika kitu. Mara moja simu ilionyesha anaandika, nikaishika kwa mikono miwili, halafu ikaacha.

Kundi la nane wameniuliza kama projekta itakuja. Nimesema hapana. Kabula akasema basi Jumatatu waanze wao tena, na nimekubali.

Jumatatu ni grafu. Somo la kumi na mbili, linahitaji mistari iliyonyooka, na kwenye stuli simu inainama. Kutwa nzima nimekuwa nikipitia majina ya watu wanaoweza kunishikia simu bila mkono kutetemeka, na kila nikianza kuhesabu naanza na yeye.