Kihisi Kinachoona Gizani

Wamaza, Jumatano

Kwa ubora wa picha peke yake, kamera yenye kihisi kikubwa inashinda. Muuzaji wa kamera wa mjini Kasongo aliniachia mbili nizijaribu katika kazi yangu ya kupiga picha mashahidi wa mashambulizi: moja ina kihisi kikubwa kinachonasa mwanga hata gizani, nyingine kihisi kidogo, na picha zake za gizani hujaa chembechembe.

Leo nilizijaribu jikoni kwa Mama Zaina. Wiki iliyopita wenye silaha walimkata mumewe kwa mapanga mbele yake, wakamwacha akitokwa damu mlangoni, wakachoma nyumba; jiko hili la uani ndilo lililosalia. Alikubali picha kwa sharti la kawaida la mashahidi wa huku: mlango ufungwe, uso ubaki gizani.

Nilimwonyesha picha ya kihisi kidogo. Akacheka. "Huyu iko mutu gani? Hata mama yangu hawezi kunijua."

Kisha ya kihisi kikubwa. Kovu la shavuni, macho, vyote vilionekana.

"Papa," akaniambia, "futa. Wale wanapita hapa sokoni kila siku. Wakiona hii, watakuja kunimaliza."

Nikafuta, naye akitazama.

Nimewaahidi watu wengi kwamba giza litawaficha. Nikifika Kasongo, namrudishia muuzaji ile nzuri.