Dohani Bila Moshi

Jumatatu, 4 Machi

Sketi imeungua! Ya oda ya shule, tena imeshapigwa pasi. Tundu la kuingia kidole, mbele kabisa, pasipofichika. Dohani, mdogo wangu, alikuwa anashona kifungo cha kiunoni huku sigara iko mdomoni, kama kawaida yake. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la mbele akatoka kuangalia nani kafa.

Akaitazama sketi. Kisha akasema amechoka. Nikamwambia hata mimi nimechoka! Akasema hapana, yeye amechoka na sigara. Amechoka kukohoa. Amechoka kuomba viberiti kwa watu wanaorudi nyuma wakimwona. Anataka kuacha, ila peke yake hawezi.

Mdogo wangu anaugua akili tangu ujanani, na miaka yote hii sijamsikia akisema "nataka" kwa kitu ambacho si sigara. Mtaa mzima unamwita Dohani. Hata mimi. Hata Mama, aliyemzaa na kumpa jina!

Sketi nimeifumua. Kitambaa cha akiba kipo.

Jumanne, 5 Machi

Mama hataki. Anasema mwache mtoto avute, ndiyo starehe yake pekee duniani. Hana mke, hana kazi ya maana (ahsante, Mama — na hivi vifungo anavyoshona kwangu ni mchezo?), leo mumnyime na sigara! Eti hata kwenye wadi ya hospitali zamani wauguzi ndio waliokuwa wakimwashia. Hilo ni kweli, nililiona kwa macho yangu. Ukimeza vidonge bila ubishi, unapewa moja. Ukioga, nyingine.

Nikamwambia aliyeomba kuacha ni mwenyewe. Akasema mgonjwa hajui anachoomba. Hapo tukakosana. Mama kala peke yake chumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango umeanza. Mwenye duka kakubali asimuuzie hata moja. Analalamika kwamba nimemuulia mteja wake mkubwa, lakini alikuwa anacheka, na kampa Dohani pipi za bure.

Mbinu yetu ni hii: hamu ikimshika, anachukua kitambaa kirefu cha mabaki na kushona kifungo kimoja. Hamu ikirudi, kingine. Kitambaa sasa kimejaa vifungo vya kila rangi, utadhani kina surua.

Ana hasira! Amenirushia kastabani ya kidoleni. Mchana kaniambia majirani wanamcheka. "Majirani" ndilo jina analoziita zile sauti anazozisikia kichwani — hazijaondoka kabisa, ila vidonge vimezifanya ziongee chinichini. Nikamwambia awaambie mwenye nyumba hataki kelele. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 10 Machi

Hajavuta. Bado hajavuta!

Nimefua mapazia ya chumba chake. Maji yametoka rangi ya chai ya rangi. Mchana kala mboga, akanyanyua kichwa, akasema kumbe ina vitunguu. Miaka yote hiyo ananisifia mapishi, kumbe alikuwa hayaonji. Sijui nicheke au nilie.

Nimepata wazo. Siku ya kliniki iko karibu. Nitamshonea shati jeupe. Hajawahi kuvaa jeupe tangu aanze kuvuta — majivu, matundu. Ataingia kliniki nalo, hanuki moshi, na mimi nitakaa kimya. Nataka nimwone yule nesi wa kliniki atakavyotoa macho! Kila mwezi anauliza kama anavuta, anaandika, anafungua ukurasa mwingine. Safari hii kalamu itamdondoka.

Jumatano, 13 Machi

Dohani anasinzia sana. Leo kalala na sindano mkononi, udenda umelowesha kola. Jirani wa kweli, mama wa nyumba ya pili, anasema ni mwili unapumzika. Mjomba wake alipoacha tumbaku alilala wiki nzima. Basi na apumzike, kazi haitamkimbia.

Kiwiliwili cha shati kiko tayari. Bado mikono na kola.

Jumamosi, 16 Machi

Mashati ya oda, karibu yote, vifungo kavishona vikashika mbele na nyuma kwa pamoja! Ukitaka kuvaa moja itabidi upite kama barua chini ya mlango. Na mteja anakuja Jumatatu jioni.

Nimemwambia maneno mabaya. Nimemwambia alipokuwa anavuta angalau kazi ilikuwa inakwenda. Kwamba nimeondoa moshi, nimeletewa uvivu. Akasema samahani, Dada. Ulimi mzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Alipoinuka akayumba, akashika ukuta. Nikadhani anadeka.

Nimefumua mpaka vidole vinauma.

Jumatatu, 18 Machi

Siku ya kliniki. Nimemwamsha, hakuamka. Nimemvuta miguu, kageuka upande wa pili. Nikaenda peke yangu kumchukulia dawa, nimekasirika, maana shati sasa limebaki kola tu na shujaa wangu kalala kama gogo.

Nesi kauliza anaendeleaje. Anakula, nikasema. Analala? Sana, nikasema, siku hizi sana. Akaacha kuandika, akanitazama. Akauliza: bado anavuta vilevile?

Ningemwambia. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nikaona nikilitoa pale, bila yeye, bila shati, nitakuwa nimeiharibu sherehe. Nikacheka. Nikasema, "Dohani yule? Aache yeye, mtaa ukose mawingu?" Akacheka na yeye. Akanipa vidonge vilevile, kipimo kilekile, tuonane mwezi ujao.

Nimerudi njia nzima natabasamu peke yangu.

Alhamisi, 21 Machi

Ameanguka. Kifafa. Hajawahi kuwa na kifafa! Kichwa kimepiga kanyagio la cherehani. Damu kwenye sare za watu. Mama anapiga mayowe. Mwenye duka ndiye aliyembeba.

Tuko hospitali. Hajafungua macho. Mungu wangu.

Ijumaa, 22 Machi

Amefungua macho. Ananijua. Kashonwa juu ya nyusi.

Sasa niandike. Nikiacha leo sitaandika tena.

Daktari kauliza vidonge anavyokunywa, nikampa pakiti. Kauliza kama anavuta. Mama akadakia: ameacha, huyu dada yake ndiye aliyemwachisha! Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza lini. Akauliza nani kliniki anajua. Nikasema hakuna. Akampigia simu nesi, na nesi kaja mwenyewe, miguu mitupu ndani ya viatu vya mvua, hata hakungoja kubadili viatu.

Alinieleza polepole. Dawa anayokunywa mdogo wangu, moshi wa sigara unalifanya ini liitafune haraka. Kwa hiyo mvutaji anapewa nyingi, ili ibaki ya kutosha. Moshi ukikoma, ini linatulia — dawa ileile inajaa mwilini siku hadi siku, kama maji kwenye ndoo uliyoziba tundu. Usingizi. Udenda. Ulimi mzito. Kuyumba. Mwisho kifafa. Akiacha kuvuta, kipimo kinapunguzwa mapema, basi. Si jambo kubwa. Jambo la kusema tu.

Akasema ndiyo maana siku ile, niliposema analala sana, aliuliza kama bado anavuta.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alinishika bega, akasema kuacha sigara ni jambo jema kuliko yote aliyowahi mdogo wangu kuufanyia mwili wake, na kwamba hata wao wamekosea miaka mingi, wakiona wagonjwa wa akili wanavuta, wakisema waacheni. Nilimsikia, lakini masikio yangu yalikuwa bado kliniki. Yalikuwa yanasikia kicheko changu.

Nilimwita mvivu. Alikuwa amelewa dawa niliyokuwa nampa kwa mkono wangu, kila jioni, na maji ya vuguvugu ili asipaliwe. Nilimwita mvivu.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi hata mtoto sina, huyu mjukuu kanijuaje?

Jumapili, 24 Machi

Wamepunguza vidonge. Leo kakaa kitandani, kanywa uji mwenyewe, hakujimwagia. Kitu cha kwanza kauliza kama shati limeisha. Nikasema kola bado. Akasema dada, wewe oda za watu unawahi, yangu ndiyo inalala.

Nikamwomba radhi. Nikamweleza yote — nesi alivyoniuliza, nilivyofanya mzaha, shati, mshangao. Nililia, nikamlowesha mkono.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alikuwa amepanga maneno ya kumwambia nesi. Tangu siku zile za mwanzo, kila akishona kifungo, alikuwa anayapanga. Akasema, "Ile ilikuwa habari yangu, Dada."

Nimeishi naye miaka yote, nampa dawa, namfulia, namsemea kwa madaktari — anakula, analala, anavuta, havuti. Sikumbuki hata mara moja nilipomwambia: sema wewe.

Jumatano, 27 Machi

Daktari katuita wote watatu. Kasema anaweza kuendelea bila sigara, kuna vibandiko vya kubandika mkononi vya kupunguza hamu, wanavyo. Lakini akaonya, akitutazama mmoja mmoja. Sasa dawa ni kidogo. Mwenzetu akirudia kuvuta kimyakimya, moshi utaila hiyo kidogo, na yale aliyokuwa akiyasikia zamani yatarudi kwa nguvu. Akivuta, si dhambi. Aseme siku hiyohiyo. Wataongeza, wataanza upya.

Dohani kasema hataki majirani warudi. Kodi hawalipi!

Mama hakucheka. Tulipotoka kwenye ujia alinishika nguo. Anasema madaktari wanazunguka tu, ukweli uko wazi: mtoto kavuta miaka yote hajaanguka, kaacha, kaanguka. Sigara ndiyo iliyokuwa inamshikilia. Nikamweleza ya ini, ya ndoo. Akasema mimi na ndoo zangu ndio tuliompasua mwanawe kichwa.

Hapo kapatia.

Alhamisi, 28 Machi

Kola imeisha. Vifungo kashona mwenyewe, kitandani, nimempelekea sindano. Vimenyooka. Vyote viko mbele!

Jumamosi, 30 Machi

Niko kwenye benchi la ua wa wadi. Anatoka leo. Naandika hapahapa, tukisubiri.

Nimefika na shati, nimelipiga pasi mara mbili. Kitanda kitupu. Nikamkuta huku nje na Mama, wamekaa. Na harufu ipo. Siwezi kukosea ile harufu, nimelala nayo na kuamka nayo. Inatoka wapi sijui. Kuna wagonjwa wengine wamesimama kule ukutani wanavuta, yaweza kuwa wao. Yaweza. Lakini mkoba wa Mama uko wazi, na Mama hatazami mtu.

Dohani kavaa shati bila neno. Kisha katia mkono mfukoni na hajautoa.

Nikamuuliza Mama kwa macho. Akaninong'oneza kwamba ni moja tu, ya kumtia nguvu, kijana anatoka hospitali. Nikamuuliza amempa au amevuta? Akauvuta mkoba wake kifuani. Yule ni mama, na mama anayeogopa hushika chochote. Mimi nilishika shati.

Nesi wa kliniki akaja na pakiti mbili za vidonge, ile ya kipimo kidogo na ile ya zamani. Kaja kutukabidhi mojawapo. Akanitazama mimi — maana siku zote hunitazama mimi — akauliza: vipi, amevuta tena?

Mama akanibana mkono, kwa nguvu, hata kucha ziliingia. Najua alichotaka. Sema hapana, tuondoke. Ni neno moja. Nikimsema, Mama hatanisamehe, na Dohani ataona dada yake anamsemea tena. Nikisema hapana, na kama amevuta, nitakuwa nimempeleka nyumbani na dawa isiyomtosha. Kwa mzaha au kwa huruma, mdomo ni uleule.

Nikasema, "Sista, muulize mwenyewe. Habari ni yake."

Nesi akageuka. Dohani akafungua mdomo — na hapo mtu akamwita nesi kutoka ndani, kitanda cha tatu, haraka! Akasema anarudi sasa hivi, msiondoke.

Basi tumekaa. Watatu. Mama ameanza kulia bila sauti. Mdogo wangu ananyoosha mikono ya shati, anatazama kama kuna doa. Nimeanza kusema sikiliza, hata kama... Akaninyamazisha kwa kidole. Mkono mwingine bado uko mfukoni, na kupitia kitambaa cha suruali naona umefunga ngumi.

Mlango wa wadi umefunguka. Nesi huyo. Dohani ameinuka. Anafunga kifungo cha juu kwa mkono mmoja, taratibu, hakimshindi.

Ananiambia, "Wewe andika tu, Dada. Leo naulizwa mimi."