Madoa kwenye Karatasi ya Mfalme

Nyamwaga, 9 Agosti 1954

Dada Kezia, shikamoo.

Huku hatujambo, na ndizi zimezaa mpaka tunagawa. Jumatatu iliyopita alikuja mwalimu kutoka Musoma anayekusanya karatasi za zamani za Mfalme wa Waingereza, zile za mishahara ya maofisa wa jeshi. Mama akaitoa ile aliyorudi nayo baba kutoka vita vya Wajerumani, alikowabebea maofisa mizigo. Dada, miaka yote tumeamini ni baraka ya Mfalme! Kumbe ni amri ya mishahara, na jina la baba halimo.

Mwalimu akauliza madoa yale yaliyo juu yake ni ya nini. Mama akamweleza: kila mtoto alipozaliwa, yeye mama alichovya kidole gumba kwenye samli, akampaka utosini, kisha akakigandamiza kwenye karatasi. "Huyu Kezia. Huyu Nikolaus." Mwalimu akavua kofia, akamrudishia mama karatasi kwa mikono miwili.

Hujatuandikia tangu umzike mwanao, nami sikujua niseme nini. Lakini niliyahesabu madoa, dada. Sisi tuko sita, madoa ni saba. La saba bado linang'aa. Mama hakuwahi kumwona mwanao, lakini yumo.

Mdogo wako,
Nikolaus