Mshono wa Wiki ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Kazi mpya! Mwalimu wa wakunga ameniagiza vifaa vya kufundishia: vijitoto vya kitambaa, jinsi wanavyokuwa tumboni. Wawili wa wiki ya saba, wawili wa wiki ya kumi na mbili, wa kiume na wa kike, sehemu za siri zikuzwe zionekane mpaka kiti cha nyuma darasani. Mimi mshona magauni ya harusi! Haya, mkono mtupu haulambwi.

Mama Mkwe bado yupo. Anakagua tumbo langu kama tikiti sokoni. Wajukuu watatu wa kike eti wamemtosha. Kasema wazi: nikizaa binti tena, mwanawe atatafutiwa mke mwingine. Mume wangu kainamia sahani.

Jumatano, 5 Machi
Nimeumbuka. Yule wa kiume wa wiki ya saba nilimpachika uume kamili, wa satini ya waridi iliyobaki kwa bi harusi. Mwalimu kacheka mpaka kavua miwani. Kumbe wiki hiyo wote kwa nje ni sawa — kivimbe kimoja, mikunjo miwili pembeni, basi.

Kisha kanieleza. Kwenye kromosomu Y kuna jeni inayotoa amri, korodani zinajiunda huko ndani, nazo zinatoa homoni. Homoni ndiyo fundi! Kivimbe kinarefuka, mikunjo inaungwa katikati kuwa mfuko wa korodani. Homoni hiyo isipokuwepo, mikunjo haiungwi — binti huyo. Na mwanamume anabaki na mstari pale palipoungwa. Mshono! Miaka yote ya ndoa, mimi fundi mzima, sijauona.

Na Y yenyewe? Inatoka kwa baba. Mama hana ya kutoa. Nimerudi nyumbani nadunda. Ila nani atamwambia Mama Mkwe? Si mimi.

Nimefumua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemaliza. Nimewaficha kabatini, chini ya mashuka. Nimemwomba mume wangu nihakikishe jambo moja la kitaalamu. Kajifungia bafuni.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mama Mkwe katafuta shuka, kawakuta. Nimemkuta kampakata yule wa kiume wa wiki ya kumi na mbili, anapitisha kidole gumba kwenye mshono. Kauliza hiki ni nini. Nimeeleza yote. Nilipofika kwenye Y kaninyamazisha.

"Anayo baba peke yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Rudia."

Nikarudia. Kasema alizaa mabinti watano kabla ya mume wangu, na baada ya wa nne Baba Mkwe alioa mwingine, kwa kuwa tumbo lake eti halijui kuzaa wanaume. Sikujua! Nimemwonea huruma. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

Kaomba mkoba wake. Kawatia wote wanne. Nikamkumbusha kwamba Mwalimu anawafuata leo.

"Atasubiri. Mimi nimesubiri zaidi."

Sasa yuko uani, kapanda pikipiki nyuma ya mume wangu. Mume wangu anauliza wanaenda wapi. Kwa baba yako, anamwambia, na wewe utaingia ndani usikilize. Zipu haifungi, miguu ya waridi inachungulia. Na huko mlangoni — hodi! Ni Mwalimu.